Gololi

Nimekuja na gololi moja, timazi, na pimamaji
yenye kiputo kilichochoka kama jicho la mlevi.
Binti yangu Nafuna amekuja na karatasi za sacco.
Dalali Gathiru amekuja na manukato
na ufunguo anaouzungusha kidoleni
kana kwamba nyumba nzima inaning'inia hapo.

Kiamunyi, Nakuru. Ploti ya arobaini kwa sitini.
Nyumba ina miaka minne, rangi yake bado ina haya.
"Mzee," asema dalali, "nyumba njema si mlango."
Sawa, namjibu, tuingie basi,
ila mlango wenyewe unakwaruza sakafu,
na mlango unaokwaruza una jambo unalosema.

Naweka gololi sebuleni. Inafikiri kidogo,
kisha inaondoka, polepole, bila kugeuka nyuma,
inavuka kizingiti cha jikoni,
inagota ukutani: ko.
Hatusemi kitu.
Hata ufunguo umeacha kuzunguka.

Nagonga vigae kwa sarafu ya shilingi ishirini.
Kumi na kimoja vinajibu kama watu walioshiba.
Cha kumi na mbili kinajibu kama debe.

Udongo huu naujua. Majivu ya Menengai,
mwepesi, mwongo, hunywa mvua ya Aprili
halafu huketi ghafla
kama mgeni ambaye hakuangalia kiti.
Ufa umeanzia dirishani ukashuka hadi kwenye soketi.
Wameuziba kwa simenti nyeupe, wakapaka rangi juu.
Nimepitisha ukucha. Ukucha hauhongeki.

Dirisha la chumba cha pili linatazama ukuta wa jirani.
Nimenyoosha mkono nikaugusa.
Huko ng'ambo mtu anakaanga kitunguu
na redio yake inasoma matangazo ya vifo.
"Turubai la msiba litasimama wapi?"
"Barabarani, Baba. Kama la wengine."
"Na kitovu cha mtoto?"
"Kwenye ndoo ya maua." Anacheka peke yake.

Maji ni ya kisima cha mtaa,
yatawapaka wajukuu meno rangi ya chai.
Jua linaingia saa tisa, linatoka saa kumi,
kama mkaguzi aliyekwisha kupewa bahasha.

Kisha nikaomba ngazi.
Kuna kona ambako fundi huficha aibu yake:
nyuma ya tangi, juu ya linta,
popote ambapo mwenye nyumba hafiki bila ngazi.
Nazijua kona hizo.
Mwaka wa tisini na sita, kule Langa Langa,
nilichanganya toroli saba za mchanga kwa mfuko mmoja,
mfuko wa pili nikauuza usiku
nikalipa karo ya darasa la kwanza
ya huyu anayenishikia ngazi sasa, akiuliza,
"Baba, unaona nini?"

Nyumba ile ina watu hata leo.
Mvua zikianza, mimi hupitia njia nyingine.

Nikapapasa nondo. Nikabonyeza zege kwa kidole gumba
kama daktari anayebonyeza tumbo la mtoto wake mwenyewe.
Nikashuka, vumbi kwenye kope.
"Fundi wa hapa aliiba," nikasema,
"lakini aliiba kidogo.
Paa ni zima. Msingi umetulia. Nadhani.
Mwambie apunguze laki tatu, na mlango atengeneze yeye."
Nafuna akanitazama muda mrefu mahali pale
aliposikia neno *nadhani*.
Akaandika kitu kwenye bahasha ya sacco,
akakikunja, hakunionyesha.

Niliporudi jikoni kuchukua gololi, haipo.
Imeingia katika pengo la kigae na ukuta,
pengo la upana wa gololi.
"Iache," akasema.

Gathiru akafunga.
Ilibidi auinue mlango kwa goti.